Ripoti za Baba na Kamera Nisiyoilipia

Nimeaibika leo mpaka ng'ombe ameniangalia kwa huruma. Sitanii. Ng'ombe wangu mwenyewe.

Wacha niwaambie mapema kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Bungoma, maana wale wakianza kusimulia watasema nilizirai. Sikuzirai. Nilikaa chini tu. Ghafla. Kwenye matope.

Mnanijua. Mimi ni Nanjala wa agroveti, pale Kitale, ninayewauzia dawa ya kupe na kuwashauri kuhusu ng'ombe wenu kama mtu aliyesomea (sijasomea). Mimi mwenyewe nina ng'ombe mmoja tu duniani. Anaitwa Kipusa, na anakaa kwa baba, nje kidogo ya mji wa Bungoma.

Baba anaishi peke yake tangu mama atutoke. Ni askari wa msitu mstaafu. Miaka yake ya kazi yote aliimalizia juu huko Mlima Elgon, upande wa Cheptais, akilinda miti, redio ya mawasiliano ikiwa begani. Redio aliirudisha siku aliyostaafu. Mdomo haukustaafu. Hata kwenye simu ya kawaida, akimaliza kusema lake anaongeza "ova", ndiyo ujue sasa ni zamu yako.

Mwanzoni mwa mwaka huu kukawa na wizi wa kuku mtaani kwao, nikaingiwa na wasiwasi. Nikanunua kamera. Fundi akaipachika barazani, juu ya mlango, ikiangalia lango na zizi la Kipusa. Kitu kizuri jamani! Ina jicho, ina sikio, ina mdomo. Wewe uko Kitale, unaongea, mtu anakusikia Bungoma.

Nikamwambia baba kwa madaha, "Baba, sasa nitakuwa nakuona kila siku. Ukiongea hapa, nakusikia."

Baba akaitazama sana ile kamera. Akavua kofia.

"Hata bila kubonyeza kitu?"

"Hata bila kubonyeza."

"Basi hii ni redio ya maana," akasema, na akaipigia saluti. Nilicheka siku hiyo. Nilicheka sana.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa bure. Nilikuwa naingia asubuhi na jioni. Nampigia kelele kupitia kamera, "Baba, umeamkaje!" anaruka, anamwaga chai, tunacheka wote wawili. Nilijiona mtoto bora kuliko wote. Kisha mwezi ukaisha, na simu ikaniletea ujumbe: ukitaka kuendelea kufungua video zako, lipia kila mwezi.

Nilikasirika! Nikasema pale dukani mbele ya wateja, "Yaani nilipe ndio nimwone baba yangu mwenyewe? Si huyu nilipewa bure?" Wateja wakacheka, nikajiona nina akili. Sikulipa. Na haikuwa pesa ya maana, ndicho kinachoniuma. Nywele hizi nilizosuka wiki jana ni ghali kuliko ile ada.

Kulikuwa bado na sehemu ya bure ya kutazama moja kwa moja, lakini mtandao ulikuwa unazunguka, unazunguka, na mimi nina wateja. Nikaacha kuingia. Nikajiambia, kamera iko, mwizi ataiona ataogopa, imetosha.

Kamera yenyewe haikuacha kazi. Iliendelea kurekodi. Video inaziweka huko inakoziweka, siku thelathini, halafu inazifuta. Kuzifungua ndiyo mpaka ulipie. Na kila asubuhi, nikiwa nahangaika na kufuli ya duka, simu inalia: "Mtu ameonekana mlangoni." Kila asubuhi! Mtu ameonekana mlangoni. Nikawaza, si ni baba anatoka kupiga mswaki? Nikaizima ile sauti, isinisumbue. (Huo mstari nimeuandika nimefumba macho.)

Jumapili nilikuwa nampigia simu. Hilo mjue, mimi si mtoto mbaya kabisa. Lakini mazungumzo yetu yalikuwa mafupi ajabu.

"Baba, uko sawa?"

"Niko. Ripoti zangu unazipata? Ova."

"Nazipata baba."

"Zote?"

"Zote baba. Uko vizuri sana."

"Basi sina la kuongeza. Ova na aut." Anakata.

Mimi nikadhani ni maneno yake ya redio tu, yale ya siku zote. Nikawa nawaambia watu, baba yangu hana maneno mengi, ni mtu mtulivu.

Sasa leo.

Leo asubuhi nilikuwa na mzigo wa vifaranga wa kupeleka kwa mteja Kimilili. Nikachukua pikapu ya duka, nikafikisha vifaranga, nikalipwa, nikafurahi. Nikaona kwa vile nimeshafika Kimilili, wacha niteremke hadi Bungoma nimshtue mzee. Nikanunua mkate, sukari, majani ya chai na soksi nzito. Sikupiga simu. Nilitaka afungue mlango anikute nimesimama tu.

Nikafika. Lango limefungwa kwa waya. Nyumba imefungwa kwa kufuli. Nikapiga simu ya baba, nikaisikia ikilia ndani ya nyumba. (Ile simu huwa anaiacha kwenye chaji kama jokofu.) Nikaenda kwenye zizi nimsalimie Kipusa.

Zizi tupu.

Si tupu ya ng'ombe ametolewa kwenda kunywa maji. Tupu ya siku nyingi. Kihori kimekauka, buibui amejenga, kuku amelalia mayai pale anapolala ng'ombe wangu. Moyo ukanishuka mpaka kwenye viatu. Na Kipusa ana mimba! Nilikuwa nasubiri azae wakati wowote kuanzia sasa.

Nikiwa nimesimama hapo nikasikia ng'ombe akilia ng'ambo ya ua. Sauti naijua. Nikachungulia kwenye michongoma.

Jirani wa baba upande huo ni Shabani. Shabani ni mtu mpole, anaswali, hana ugomvi na mtu. Ila kazi ya Shabani ni bucha. Bucha yenyewe iko pale mbele ya boma lake, kando ya barabara. Na nyuma ya bucha, amefungwa kwenye mti kwa kamba mpya kabisa, ni Kipusa wangu. Na pembeni yake ndama.

Ndama! Ng'ombe wangu amezalia kwa mwizi!

Sijui niliruka ule ua vipi. Sketi inajua, maana kipande kimebaki kule. Nikatokea mbele ya bucha, pale wateja wamepanga foleni, nikapiga yowe, "Mwizi! Shabani ni mwizi wa ng'ombe!"

Wenzangu, hapa naomba nisifanye mzaha. Hilo neno huku kwetu si neno la kutupa hivyo. Watu waligeuka wote mara moja. Kijana mmoja wa bodaboda akashuka kwenye pikipiki bila kuuliza ni nini. Mwingine akaanza kuangalia chini kama anayetafuta jiwe. Shabani alikuwa ameshika kisu, anakatia mtu nyama, na nilimwona akikiweka mezani taratibu sana, kisha akainua mikono yote miwili ili watu waione haina kitu. Uso wake ulibadilika rangi. Nimemfahamu tangu nikiwa msichana, na leo nilimwona akiniogopa.

Bahati yangu, na yake zaidi, mzee wa mtaa alikuwa pale pale kwenye foleni. Anaitwa Mzee Makokha. Alikuwa amekuja kununua matumbo. Akapaza sauti, "Hakuna mtu anagusa mtu! Wewe wa pikipiki, panda pikipiki yako. Nanjala, kuja hapa. Shabani, toka nje. Tusikizane kama watu."

Shabani akatoka, anajifuta mikono kwa aproni.

"Nanjala, huyu ng'ombe baba yako alimleta mwenyewe kwa mkono wake," akasema. "Aliniambia amekuuliza, na wewe umekubali."

"Mimi? Ameniuliza lini?"

"Kwa ile kamera yenu."

Nikacheka. Nilicheka kile kicheko cha wakili kwenye sinema. "Ati kamera! Nashukuru umeitaja wewe mwenyewe. Mimi pale kwa baba naona kila kitu. Kila siku! Hakuna kuku anapita pale bila mimi kujua. Leo utaniambia ukweli."

"Kama unaona kila siku," akasema Mzee Makokha, "si ungemwona akichukua?"

Swali zuri. Nikalipita kama silioni.

"Nina video," nikasema. "Zote ninazo hapa."

"Basi tuonyeshe, tumalize maneno. Hizi matumbo zinaharibika."

Nikatoa simu. Watu wakasogea. Nikafungua ile programu, na kitu cha kwanza kutokea, kwa maandishi makubwa, ni: lipia ufungue video zako.

"Kwani hujalipia?" akauliza Shabani. Aliuliza kwa upole, si kwa kejeli. Ndiyo ikauma zaidi.

"Imeisha jana," nikasema.

Nikalipa kwa simu palepale, nikibonyeza kwa hasira. Sasa skrini ilikuwa inameremeta juani, sioni vizuri, Mzee Makokha akanipokonya simu, akaiweka kivuli kwa kofia yake, akavaa miwani. Ile programu ikaleta salamu kwa Kizungu. Yeye aliwahi kuwa karani, anapenda kusoma. Akaisoma yote, halafu akawatafsiria watu kwa sauti ya matangazo ya mazishi:

"Inasema, 'Karibu tena, Nanjala. Tulikukosa. Mara ya mwisho kutazama ilikuwa miezi mitano iliyopita.'"

Mtu akakohoa.

"Hiyo jana yako ni ndefu," akasema mama mmoja kwenye foleni.

"Ni mtandao tu huo!" nikasema. "Fungua video, mzee. Fungua za jioni, ndiyo wezi hutembea jioni."

Akafungua. Na kweli! Lango la baba linafunguka, anaingia mtu, anatazama kulia na kushoto, amebeba kitu kizito. Shabani! Nikaruka juu.

"Huyo hapo! Huyo hapo! Mmeona? Amebeba nini huyo?"

Kwenye video Shabani akafika barazani, akaweka chini kidumu, akabisha mlango. Baba akatokea. Shabani akasema, na sauti ikasikika vizuri kabisa mpaka kwenye pikipiki, "Mzee, maziwa yako haya. Leo Kipusa ametoa mengi. Mguu unaendeleaje?"

"Maziwa," akasema Mzee Makokha, kama mtu anayeandika ushahidi.

Akafungua jioni iliyofuata. Maziwa. Iliyofuata. Maziwa, na kifurushi cha nyama. Jioni nyingine Shabani anaingia na panga, nikapata matumaini kidogo (Mungu anisamehe), kumbe anafyeka njia ya baba ya kwenda chooni.

"Sasa za asubuhi," akasema Shabani, "fungua za asubuhi, mzee. Mi sijawahi kuziona. Baba yako tu husema huwa anaongea na wewe, Nanjala."

Hapo ndipo mimi ningechukua simu yangu niondoke. Sikuondoka.

Video ikafunguka. Baba amesimama mbele ya kamera, wima, mikono ubavuni. Amevaa ile sweta yake ya kijani ya kazini, yenye viraka mabegani. Amechana nywele. Kwa kamera! Amechana nywele kwa ajili ya kamera.

"Kitale, Kitale, hapa ni Bungoma," akasema. "Unanisoma? Ova."

Akanyamaza, akangoja. Kuku akapita nyuma yake. Akaendelea kungoja.

"Sawa, najua uko na wateja. Ripoti ya asubuhi. Mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yametoa nywele. Yule kuku mweupe amehamia kwa jirani mwingine. Kwa upande wangu hakuna tatizo. Ova."

Akangoja tena. Halafu akapiga saluti, akaingia ndani.

Watu walicheka mpaka bucha ikatikisika. Yule kijana wa bodaboda akaanza, "Kitale, Kitale!" Mimi mwenyewe nikatabasamu kidogo, nikadhani imeisha hapo. Mzee Makokha akabonyeza nyingine. Ni baba. Nyingine. Baba tena. Sweta ile ile. Kila asubuhi, "Kitale, Kitale, unanisoma?" Siku nyingine anaonyesha muhindi mbichi, anausogeza karibu na kamera ili niuone vizuri. Siku nyingine ameinua mguu kunionyesha gambuti mpya. "Mwana wa Shabani amenitafutia saizi yangu sokoni. Unaonaje? Ova." Anageuka upande huu, anageuka ule, kama bibi harusi. Anangoja nimsifu.

Kicheko kilianza kupungua. Sikujua kilipungua lini.

"Hizi zote zina alama fulani hapa," akasema Mzee Makokha. "Inasema 'mpya'. Kwani zote ni mpya?"

Nikajifanya narekebisha sketi.

Akafungua moja, baba alikuwa hajasimama. Amekaa kwenye ngazi ya baraza, mguu mmoja ameunyoosha mbele.

"Kitale, Kitale. Nisamehe leo naripoti nikiwa nimekaa. Goti limekataa. Jana nilianguka kule kwenye nepia nikikata nyasi, nikakaa hapo mpaka Shabani akapita. Usiwe na wasiwasi. Lakini kukata nyasi ya Kipusa naona sitaweza tena, na sasa ana ndama, anakula sana. Shabani amesema anaweza kukaa nao kwake, atawakatia yeye. Maziwa tutagawana. Lakini Kipusa ni mali yako, siwezi kuamua peke yangu. Kwa hivyo nakuuliza. Unakubali? Ova."

Akangoja.

Akaona labda hasikii vizuri. Akajishika ukutani, akasimama kwa shida, akasogea karibu, karibu kabisa, akaweka sikio kwenye kamera. Skrini nzima ikawa sikio la baba. Hakuna kingine. Sikio tu, na mvi zinazotoka ndani yake, na pumzi yake.

Hakuna aliyecheka. Hata yule wa bodaboda.

"Kama unakataa, sema sasa," likasema lile sikio. "Ova."

Wenzangu, niliona mdomo wangu ukifunguka. Nilitaka kujibu! Nilitaka kujibu video ya wiki tatu zilizopita!

Baada ya muda baba akarudi nyuma, akatabasamu. "Umenyamaza. Basi nimechukua kuwa umekubali. Asante mwanangu. Nilijua hutanikatalia. Ova na aut."

Hapo ndipo nilikaa chini. Kwenye matope ya mbele ya bucha, na mbwa wawili wakanipisha. Kipusa, pale nyuma ya bucha, alikuwa ameacha nyasi, ananiangalia huku anacheua. Mke wa Shabani akaja mbio na kigoda, akaniinua kwa kwapa, akanikalisha, akanipa maji. Mke wa mtu niliyemwita mwizi.

"Sasa," akasema Mzee Makokha huku akifuta miwani, "mwizi ni nani katika hii ripoti?"

Nikamwomba Shabani msamaha. Nilisema mbele ya kila mtu, kwa sauti ile ile niliyomwitia mwizi, kwa sababu niliona hiyo ndiyo haki. Shabani akaitikia kwa kichwa tu. Halafu akasema, "Mimi nimekusamehe, Nanjala. Lakini lile neno usiliseme tena. Leo kama si Makokha, saa hizi mke wangu angekuwa analia." Akarudi ndani akamalizia kukata ile nyama ya mteja.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Kumbe ilikuwa inasafisha koo tu.

Pikipiki ikaja kutoka upande wa mjini, nyuma yake ameketi baba, ameshika fimbo na bahasha ya kliniki. Akashuka polepole. Akaona watu. Akaniona mimi, na matope yangu, na sketi yangu nusu. Uso wake uling'aa jamani!

"Nanjala! Umekuja! Nilijua utakuja! Ulipata ripoti ya jana?"

Mimi ripoti ya jana sikuwa nimeiona. Wala ya juzi. Watu wote pale walijua. Wote wakaangalia viatu vyao.

Shabani ndiye aliyesema, kutoka ndani ya bucha, bila kuinua kichwa, "Ameipata, mzee. Ndiyo maana amekuja."

Nikamtazama yule mtu. Nilitaka kumshika miguu. Na mimi nikafungua mdomo, nikasema, "Ndiyo baba, niliipata."

Uongo ungepita hivyo tu. Ungepita! Lakini Mzee Makokha ni mtu wa ukweli, na bado alikuwa ameshika simu yangu.

"Hapana, Wekesa," akamwambia baba. "Tusidanganyane kwa uzee huu. Huyu hajaona hata moja. Ziko hapa zote, mpya. Alikuwa hajalipia."

Baba akanitazama. Akaitazama simu. Alikuwa anajaribu kuelewa, na niliona jinsi ilivyokuwa inamwingia kidogo kidogo.

"Hata ile ya goti?"

"Hata hiyo, baba."

"Na ya gambuti?"

Nikatikisa kichwa.

"Kwa hivyo," akasema, "asubuhi zote nilikuwa naongea na nani?"

Mama mmoja kwenye foleni akashindwa kujizuia, akacheka puani, akajiziba mdomo kwa leso. Na baba akacheka pia. Alicheka sana, akapiga paja, akasema, "Na nywele nilikuwa nachana!" Watu wote wakaangua kicheko. Lakini alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anacheka akitazama barabarani.

Tulirudi nyumbani kwake, mimi nimembebea bahasha. Hakuniegemea. Alitembea na fimbo yake. Nilichemsha chai nikaimwagia sukari nyingi kama anavyopenda. Akavaa zile soksi nilizomletea, akasema ni nzuri. Kisha akaketi kwenye ngazi ya baraza, akapigapiga nafasi ya pembeni yake.

"Leta hiyo simu," akasema. "Tuanze ya kwanza."

"Baba, zote?"

"Si umelipia?"

Basi hivi ninavyowaandikia, jua bado liko, tuko hapa barazani tunazitazama. Moja baada ya nyingine. Anajirekebisha mwenyewe: "Hapo nilikosea, mvua ilikuwa ndogo." Na kila ripoti ikiisha, kila akisema "ova", anasimamisha video, ananigeukia, anangoja. Mpaka nijibu. Kwa sauti. "Nimekusoma, Bungoma. Gambuti ni nzuri. Pole na goti. Ova." Wapita njia wanasimama langoni wanasikiliza. Kijana wa bodaboda amepita mara nne na hana abiria.

Tumefika katikati nikamuuliza, "Baba, na ile uliyoripoti Kipusa alipozaa iko wapi? Nataka kuiona."

"Hiyo nilisema vizuri sana," akasema. "Nilimshika ndama hapa mbele ya kamera, bado hajakauka. Nilikwambia nimempa jina lako. Nilikungoja siku hiyo mpaka nikachoka."

Tumetafuta. Tumerudi nyuma mpaka mwisho. Haipo. Imepita siku thelathini, imefutwa. Nimewaandikia wenye programu kuuliza kama naweza kulipa zaidi. Wamejibu haraka sana, kwa adabu sana, kwamba hapana.

Baba amesema si kitu. Amesema hivyo akiangalia zizi.

Basi. Kesho duka halifunguki. Nakata nepia ya Kipusa na ya Nanjala mdogo, na aliyenipangia zamu ni Shabani. Nawaomba msicheke. Na atakayecheka, asinitumie ujumbe Jumatatu kuulizia dawa ya kupe, maana nitamjibu kama nilivyokuwa nazijibu ripoti za baba.